Zamu ya Betri

Eliwaza alidhani ni jasho. Alikuwa amefika kwenye kona ya mwisho kabla ya kijiji cha Chome, pale njia inapopanda kama ukuta, na betri ya redio ya shule ilikuwa mgongoni mwake, imefungwa kwa kaniki kama mtoto mchanga. Fundi Swalehe, kule kwenye gereji ya Same karibu na stesheni, alimpa onyo moja tu: isilale. Lakini hakuna anayepanda pale bila kuinama, na mgongo ukiinama, mzigo nao unalala. Unyevu ulimshuka kiunoni. Kisha ukaanza kuwaka.

Aliishika kaniki aifungue, ikamkatikia mikononi. Kitambaa kilikuwa kimeliwa. Alipojipapasa mgongoni, ngozi ilitoka na vidole. Alijitupa kwenye mfongo, mfereji unaoleta maji ya mashambani kutoka msitu wa Shengena, akalala chali humo akilia kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumwonea haya.

Alipoweza kukaa, hakushughulika na mgongo. Aliangalia betri. Vizibo viwili vilikuwa vimelegea, na maji yake makali yalikuwa yamepungua hadi nusu.

Kazi ya namna hii iliitwa msaragambo. Tangu enzi za mababu, pembe ikilia kila nyumba ilitoa mtu, wakazibua mfongo na kutengeneza ndiva, lile bwawa la kumwagilia. Aliyekuwa zamu akavujisha maji ya ndiva aliyarudisha kabla jua halijatua, hata kama ni kwa kibuyu, na hakuna aliyemnyooshea kidole tena. Mwaka ule wa hamsini na sita, Mfumwa Melkizedeki, mkuu wao aliyetambuliwa na serikali, alitangaza kwamba kupeleka betri Same kuchajiwa na kuirudisha nako ni msaragambo. Wazungu wametupa redio ya kufundishia, alisema, betri ni juu yetu. Nyumba itakayokwepa zamu, mtoto wake hafanyi mtihani wa darasa la nne. Nyumba ya mfumwa mwenyewe haikuwahi kufikiwa na zamu hiyo. Pengine karatasi ya kuandikia majina ya zamu iliisha kabla ya kulifikia lake.

Basi Eliwaza alifanya kama alivyolelewa. Alichota maji ya mfongo kwa kiganja, akajaza vile vitundu hadi juu, akakaza vizibo, akafuta betri kwa majani. Hakuwa anaficha kosa. Alikuwa analirekebisha.

Kesho yake, Jumatano, Bwana Mkaguzi wa elimu aliwasili. Alikuwa Mwingereza mrefu, mpole wa sauti, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha madiwani wengi. Gari lake alikuwa ameliacha chini, barabara inapoishia, pamoja na dereva, akapanda kwa miguu ili asikie watoto wa milimani wakifundishwa na redio. Mwalimu Fanueli aliiweka redio juu ya meza, juu ya kitambaa alichofuma mkewe, betri ikawa chini ya meza. Watoto arobaini walikaa wima, vibao vya kuandikia mapajani. Wazazi walisimama nje ya madirisha. Eliwaza alikuwa miongoni mwao, mgongo umefunikwa jani changa la mgomba, na juu yake shuka la kuazima.

Alikuwa anamtazama binti yake. Dorkas aliketi mstari wa mbele. Baba yake, marehemu Sefania, hakujua kusoma, na mama hakujua, lakini mtoto alikuwa na kichwa kikali. Mwalimu mwenyewe alishasema kwamba shule yao ikipata nafasi moja tu ya kupeleka mtoto shule ya kati, nafasi hiyo ni ya Dorkas. Mtihani ulikuwa Ijumaa asubuhi. Eliwaza hakuwa na kitu kingine duniani alichokuwa anakingoja.

Ilipofika saa nne mwalimu alizungusha kitufe. Sauti ya mwanamke ilisema neno la Kiingereza, watoto wakalirudia kwa pamoja. Ikasema la pili, wakalirudia. Ndivyo walivyozoezwa: kinachosemwa kwa Kiingereza hurudiwa, bila kuuliza. Neno la tatu likakoroma, likazama, na redio ikafa.

Fanueli alizungusha vitufe vyote huku jasho likimtoka. Mkaguzi aliinama chini ya meza, akafungua kizibo, akachungulia.

"Humu mna matope," alisema. "Nani aliileta?"

"Ni mimi, bwana," Eliwaza alijibu dirishani. "Ilinimwagikia njiani. Nikairudishia maji, kama tunavyofanya."

Mbaraka, tarishi wa mfumwa, hakungoja aambiwe. Alimvuta kwa nywele hadi katikati ya uwanja, na kiboko chake kikatua mgongoni, palepale penye jani. Cha pili kilichana jani. Cha tatu kilirudi juu na kipande cha nyama, na watu waliokuwa karibu wakarudi nyuma wasirukiwe na damu. Eliwaza alianguka kifudifudi. Mbaraka akampiga teke la mbavu ili ageuke.

"Acha," Mkaguzi alisema kutoka mlangoni. "Mwanamke hachapwi. Sheria imekataza."

Mbaraka aliacha mara moja. Sheria ni sheria.

"Lakini ameharibu mali ya serikali, bwana," Mfumwa Melkizedeki alisema, akiwa nyuma ya Mkaguzi. "Tukimwachia, kesho watajaza matope hata kwenye redio yenyewe. Ana mtoto humu darasani."

Mkaguzi alifikiri. Uso wake ulionyesha kwamba jambo hili halimpendezi hata kidogo. "Mtoto ni suala la shule," alisema hatimaye. "Mwalimu anaweza kuamua. Msichana huchapwa mikononi tu, si zaidi ya sita, na iandikwe kwenye daftari la adhabu."

Fanueli alimwangalia mfumwa, akamwangalia Mkaguzi, akaangalia fimbo. Alikuwa na watoto watano na barua moja ya onyo.

"Njoo, Dorkas. Nyoosha mkono, mwanangu."

"Mwalimu, usimpige," Eliwaza alisema kutoka mavumbini. "Mwalimu, ni mimi." Akaanza kutambaa kuelekea mlangoni. Mbaraka alimkanyaga shingoni, mdomo ukajaa udongo.

Ili fimbo zisizidi, Mkaguzi alihesabu mwenyewe, kwa lugha yake. Alisema moja. Na watoto arobaini, wakisikia Kiingereza, wakarudia moja. Alisema mbili, wakarudia mbili, kwa sauti ile nzuri ya pamoja waliyofundishwa na redio. Kwenye ya nne kifundo cha kidole kilipasuka, damu ikadondokea kitambaa cha mke wa mwalimu. Eliwaza hakujua Kiingereza, lakini alijua kuhesabu fimbo. Alisikia sauti ya sita, na ndani ya sauti hiyo akasikia ya Dorkas, naye akirudia.

Mkaguzi alifuta miwani yake. Aliandika kwa muda.

"Matamshi yao ni mazuri," alimwambia Fanueli. "Ijumaa alasiri kuna kipindi kingine. Ningependa kukisikia kabla sijashuka."

"Betri itakuwepo, bwana," mfumwa alisema. Akamgeukia Eliwaza. "Zamu yako haijaisha. Kesho alfajiri inashuka, Ijumaa iwe hapa."

Eliwaza aliweka mikono chini ajiinue. Alifika magotini, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka.

"Gari la bwana liko pale chini," alisema.

Mkaguzi alikuwa amesikia na ameelewa. "Gari ni la kazi ya serikali," alisema taratibu, kama anayemweleza mtoto, akaingia ofisini kunywa chai.

"Nyumba yako ina miguu mingine," mfumwa alisema. "Binti atakwenda."

"Mfumwa, samahani," Fanueli alisema kwa sauti ya chini. "Mtihani ni Ijumaa asubuhi."

"Betri isipokwenda jina lake linafutwa. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

"Ndivyo. Lakini ikienda, atakuwa njiani."

"Atakuwa njiani," mfumwa alikubali, "na jina litakuwepo."

Alhamisi, kabla majogoo hawajamaliza kuwika, Dorkas alijitwika betri kichwani. Vidole havikukunjika, kwa hiyo aliishikilia kwa viganja na kwa mikono hadi kwenye viwiko. Eliwaza alikuwa amelala kifudifudi, inzi wakimla mgongo.

"Isilale," alimwambia. "Hata ukianguka wewe, yenyewe isilale."

"Nitakimbia, mama. Nitarudi kabla hawajaanza."

Mtoto wa darasa la nne alijua hesabu vizuri, na hesabu hii alijua haitoki. Alisema tu ili aondoke.

Ijumaa Eliwaza alitoka nyumbani kwa magoti. Njia ambayo watoto huikimbia kwa dakika kumi ilimchukua tangu alfajiri hadi jua lilipopanda, huku usaha na damu vikimtiririka mbavuni. Wanawake waliokuwa shambani walimwona, wakaweka majembe chini, na hakuna aliyethubutu kumsindikiza hadi uwanjani. Aliegemea ukuta wa darasa chini ya dirisha. Ndani, Fanueli alikuwa anaita majina, na Mkaguzi amekaa pembeni na karatasi zilizofungwa kwa lakiri.

"Asheri Nathanaeli."

"Nipo."

"Dorkas Sefania."

"Dorkas Sefania," Fanueli alirudia, ingawa alijua, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Yupo," Eliwaza alijibu kutoka nje.

"Dorkas Sefania."

"Yupo, mwalimu. Yuko njiani, anakuja na betri. Jina lake lipo. Yupo."

Mkaguzi aliuliza jambo kwa Kiingereza, polepole. Watoto, kwa mazoea, wakalirudia. Fanueli aliinama akaandika "hayupo" kwenye orodha, akaja dirishani. Alimwona Eliwaza vizuri, maana alimtazama kwa muda. Kisha akafunga dirisha, kwa sababu wakati wa mtihani hairuhusiwi kuwa na kelele.