Tawi la Zuwena

Zuwena alisema kazi yake katuma tangu Jumapili. Mi sikuiona.

Klabu yetu ya kompyuta ilikuwa inatengeneza programu ya kuonyesha bei za samaki wa hapa Bagamoyo. Madam Thuraya alitugawia: kila mtu aandike sehemu yake kwenye tawi lake, yaani nakala yake ya pembeni, halafu aitume mtandaoni mwenzake aichukue. Mi niliandika ukurasa wa mbele. Zuwena, anayekaa Mapinga na kutumia laptopu ya kaka yake, aliandika bei zenyewe. Ilibaki siku moja tu tukaionyeshe Dar kwenye mashindano. Bila bei, hatuna kitu.

Nikaandika git branch -a, amri inayoonyesha matawi yote. Langu lipo. La Zuwena halipo. Nikarudia. Halipo.

Na wakati wa mapumziko nilimwona anaongea na Abdillah wa kundi lingine, wamesogeleana. Nilipofika wakanyamaza. Nikajua tu, kazi yetu keshampa.

Sikumuuliza. Nikaenda kumwambia Madam, kwa sauti ya chini, kwamba sehemu ya Zuwena haionekani, na Abdillah aulizwe. Madam akamwita Zuwena palepale. Zuwena akasikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"We Nouf, umevuta kwanza?"

Sikuwa nimevuta. Bando la klabu linatoka kwenye simu ya Madam, kwa hiyo tumezoea: unawasha, unatuma kazi yako, unazima haraka. Kuvuta za wenzako hakuna anayekumbuka. Ile orodha ilikuwa ya zamani, kompyuta ingejuaje kilichotumwa baadaye?

Madam akawasha simu. Nikaandika git fetch, amri ya kuvuta. Mstari mmoja mpya ukatokea: origin/bei, tawi la Zuwena. Nikaandika git checkout bei, na faili za Zuwena zikaingia kwenye folda yetu.

Hata hapo sikuamini. Nikafungua moja moja, natafuta jina la Abdillah. Changu, kibua, pweza, zote kaandika Zuwena.

"Abdillah alinirushia bando nikatuma, nilikuwa namshukuru," akasema. "Tulinyamaza maana ulikuja umetukodolea macho kama polisi."

Madam akamwambia akae ayaunganishe matawi. Zuwena hakugusa hata kibodi.

"Aunganishe yeye, Madam. Mi nisije nikaambiwa nimeiba kitu."

Nikaunganisha, yeye kasimama nyuma yangu kakunja mikono. Tukajaribu programu. Bei zikatokea zote, Madam akapiga makofi peke yake.