Shikamoo ya Mstarini

Mwalimu Uwesu alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko mshahara wake: kwamba hana ubaguzi wa dini. Yeye ni Mwislamu, mzaliwa wa Masasi mjini, lakini Krismasi alikuwa wa kwanza kufika kwa mwalimu mkuu, Mama Ethel, kula pilau. Ole wake mwanafunzi atakayemdhihaki mwenzake kwa dini yake, atamtambua Uwesu ni nani. Shule nzima ilimsifu, naye akazisadiki sifa, na mtu akishazisadiki sifa zake haulizi tena.

Asubuhi moja wanafunzi walikuwa mstarini, na upepo wa huku juu Newala hauna adabu. Uliuinua ushungi wa Faidha wa darasa la tano, na chini yake ikaonekana rozari. Faidha, binti wa Jafari, yule anayeadhini msikitini pale kijijini! Uwesu aliona mzaha mtupu.

"Njoo hapa mbele. Hiyo shingoni ni ya nani?"

"Yangu, mwalimu."

"Yako tangu lini? Ushungi juu, msalaba chini, unamcheka nani?"

Shule nzima ikaangua kicheko. Faidha akafungua mdomo aeleze, Uwesu akamkata.

"Dini ya watu si kitu cha kuchezea!"

Akaishika rozari ile aivue. Uzi ulikuwa umechakaa, ukakatika. Punje zikatawanyika mchangani, msalaba ukabaki kiganjani mwake. Faidha hakulia. Alijifunika shingo kwa mikono miwili, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu, akarudi mstarini.

Uwesu alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mama Ethel, akitarajia ahsante.

"Mama, leo nimewatetea Wakristo," akasema, akauweka msalaba mezani.

Mama Ethel aliutazama, uso ukamshuka. "Uwesu, huu ni wa marehemu Bibi Severina wa Lukuledi, mama mzazi wa Mama Faidha. Nilikuwapo mazishini. Ukoo ulikaa ukampa Faidha jina la bibi yake, na rozari yake aivae mpaka arobaini. Aliyemvisha ni Jafari mwenyewe."

Uwesu alikaa bila kukaribishwa.

Angekuwa mgeni wa mila hizi, tungemwonea huruma. Lakini hata hilo jina la Uwesu hakuzaliwa nalo. Alirithishwa la mjomba wake alipofariki, akavishwa kofia ya marehemu ikamfika puani, na tangu siku ile mama zake wadogo wakawa wanamwamkia, "Shikamoo, kaka," naye kitoto kidogo anaitikia marahaba. Yote hayo aliyajua, na bado hakuuliza.

"Na nani alikutuma ututetee?" Mama Ethel aliuliza taratibu. Ingekuwa nafuu angefoka.

Mchana Uwesu alipiga magoti mchangani kuokota punje. Wanafunzi walimtazama kwa mbali. Alitamani kuwaita wamsaidie, akaona haya. Punje nyingine hazikuonekana kabisa. Alizitunga zilizopatikana kwa uzi wa cherehani wa mkewe, akaufunga msalaba mahali pake, na rozari ikawa fupi kuliko ilivyokuwa.

Jioni alikwenda nayo kwa Jafari. Jafari alikuwa akianua korosho. Aliziacha, akamtandikia mgeni mkeka, na Mama Faidha akamletea maji ya kunywa. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimtesa Uwesu kuliko matusi.

"Mama Faidha, nimekosa," akasema. "Naomba radhi."

"Si mimi, mwalimu. Mwenyewe yule pale."

Faidha alikuwa uani akimenya ming'oko, vile viazi vya porini alivyovichemsha mama yake. Uwesu alikwenda, akachuchumaa mbele yake, akampa rozari kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi."

Faidha aliipokea, akaipitisha vidoleni, akaona ilivyopungua. Hakuitikia. Jafari akakohoa, maana kumnyima mtu marahaba si jambo dogo huku kwetu.

"Mwalimu," Faidha akasema mwishowe, "kuniaibisha uliniaibishia mstarini. Mbona shikamoo umeileta uani?"

"We Faidha!" mama yake akamaka. Kisha akakumbuka binti yule sasa anabeba jina la nani, akanyamaza. Uwesu akainuka. Aliaga akiwa ameinamisha kichwa.

Kesho yake, mstarini, alimwita Faidha mbele, pale pale pa jana.

"Jana nilimkosea huyu," akawaambia wanafunzi. "Alitaka kunieleza, sikumsikiliza. Rozari ni ya bibi yake, na jina la bibi yake ni lake."

Akainama.

"Shikamoo, bibi."

Shule nzima ikacheka, kicheko kile kile cha jana. Safari hii kilikuwa chake, akakiacha kimpige mpaka kikaisha chenyewe. Hapo Faidha akaitoa ile rozari fupi nje ya ushungi, akailaza kifuani ionekane na kila mtu.

"Marahaba," akasema.

Uwesu aliendelea kuinama, akingoja aongeze "mjukuu wangu", kama mabibi wanavyoongeza. Faidha alikuwa amekwisha kurudi mstarini.