Pini Isiyokuwapo

Asubuhi mwanga unaingia kwa ufa wa dirisha, unapita juu ya cherehani, unaangukia mkeka. Ndani ya mwanga huo vumbi linaelea. Vumbi la pamba, vumbi la nyuzi, vumbi la nguo za watu. Linapanda, linashuka, linameta. Na kila kinachometa, mjukuu wangu, kwako ni pini.

Hakuna pini. Nimesema hivyo mpaka ulimi umeota sugu. Hakuna pini kwenye mkeka. Hakuna pini kwenye shuka. Hakuna pini kifuani mwako, wala kwenye pindo, wala kwenye kwapa la gauni. Hakuna pini, mke mwenzangu, mpokee mume wangu, analia.

Naye analia kweli. Kitukuu changu, bwana mkubwa wa nyumba hii asiye na jino hata moja, anarusha miguu, uso umekunjamana kama kitambaa kilichotoka kukamuliwa. Na wewe mama yake, fundi ambaye mshono wako unasifiwa mtaa mzima, umesimama karibu naye kabisa na humgusi. Una sumaku mkononi, ile nyeusi iliyotolewa kwenye spika mbovu, ya kuokotea pini sakafuni. Unaipitisha begani. Unaipitisha kifuani. Unaipitisha kiunoni, na ikifika kiunoni bega limekwisha kutiliwa shaka, unaanza tena begani. Maziwa yamemsikia mtoto, yanachuruzika yenyewe, yanalowesha gauni. Mtoto ana haraka. Maziwa yana haraka. Sumaku haina haraka.

Nimechoka mimi. Naandika haya nimechoka, na herufi zangu mbaya hizi zinaonyesha.

Halafu waje watu. Aa, watu!

Shangazi yako alikuja kuchukua sketi yake, akakukuta unajipapasa, akapiga makofi kwa kicheko. "Hata mimi ndivyo nilivyo! Vikombe vyangu, mikono yote lazima itazame upande mmoja. Kimoja kikigeuka sipati raha. Ni ugonjwa huo, tunaumwa wote!" Mteja aliyekuwa anasubiri kupimwa naye hakukubali kuachwa nyuma. Akasema yeye hawezi kuanika shati bila vibanio vya rangi moja. Wakachekana, wakagongana viganja, kama watu waliokutana ugenini wakagundua wametoka kijiji kimoja.

Nikawatazama. Nikajiuliza, na mimi je? Mimi kandambili ikilala kifudifudi mlangoni, nainuka na magoti yangu haya mabovu, nakwenda kuigeuza. Najua haina maana. Naigeuza, naridhika, narudi kukaa. Na siku goti likikataa, naiacha. Inaniwasha kidogo, kama unywele kwenye kola, halafu linazuka jingine, nasahau.

Hiyo ni tabia. Tabia mtu anaifuga. Hiki chako kimekufuga wewe.

Shangazi yako akipanga vikombe anaimba. Wewe huimbi. Nimekuona unafumua gauni la mtoto wa watu, limekwisha, limepigwa pasi, limekunjwa, kwa sababu ya labda. Labda imo moja kwenye pindo. Labda itamchoma jicho. Ukafumua, ukatazama, hakuna kitu, ukashona upya, na kabla hujakata uzi labda imekwisha kurudi, imekaa, inakungoja.

Nikamwuliza shangazi yako, "Kikombe chako kiliwahi kukuzuia kumbeba mwanao?"

"Mama naye! Utani tu huo."

"Basi upeleke kwenye kabati la vikombe."

Alinuna, akasahau hata sketi. Lakini kilichonikata maini ni wewe. Ulicheka nao. Ulicheka kwa mdomo tu, mkono uko kwenye sumaku.

Tukaenda hospitali. Muuguzi wa magonjwa ya akili, binti mwenye sauti ya taratibu, hakucheka na hakushangaa. Alisema ugonjwa huu una jina. Ni refu, na mimi niliyeishia darasa la tatu limenishinda, ila maana yake nimeishika. Wazo linaingia bila kupiga hodi, linang'ang'ania, mikono inarudia na kurudia ili kulituliza, nalo halitulii. Akasema unatibika. Akasema wewe si mama mbaya. Hapo ulilia mpaka kilemba kikakudondoka. Kisha akanigeukia mimi.

"Bibi, akikuuliza kama kuna pini, usimwambie hakuna."

"Na kweli hakuna!"

"Najua, bibi yangu. Lakini ukimwambia anapoa kidogo tu, halafu ugonjwa unarudi kuomba tena. Mwambie hujui. Ajifunze kukaa na kutojua. Tutakwenda naye polepole."

Nilitoka pale nimevimba. Nimelea wanangu na wa wenzangu kwa neno hilo. Giza likiwatisha, hakuna kitu, mwanangu. Radi ikipiga, hakuna kitu, lala. Leo nimezeeka, macho yamepungua, mgongo umepinda, nimebaki na neno langu moja la kufaa watu, nalo nanyang'anywa na binti asiye na mvi hata ya dawa!

Ewe pini usiyekuwapo! Ungekuwapo ningekushika. Ningekupinda kwa koleo, ningekutupa chooni, tukapumzika. Pini za chuma sumaku inazivuta, tazama ilivyoota ndevu. Wewe haikuvuti. Wewe huna ncha na unachoma. Huna uzito, na umemzuia mtoto asifike kwa mama yake.

Basi leo asubuhi tumejaribu. Muuguzi alikuwa ametuelekeza kwamba sumaku ipite mara moja, iwekwe mezani, mtoto abebwe. Ikapita. Ukaiweka. Mkono ukabaki juu yake kama mtu anayemuaga mtu kituoni. Mtoto akaanza kulia. Mwanga ukaingia kwa ufa ule ule, vumbi likapanda.

"Bibi, hapa begani pamemeta."

Nikatazama mkeka.

"Bibi. Ni pini?"

Neno likanijaa mdomoni, la moto, tamu, limezoea njia. Nikaling'ata.

"Sijui, mke mwenzangu."

"Sema tu, bibi. Leo tu."

"Sijui."

"Unajua! Macho unayo, umeona! Mbona unanitesa?"

"Sijui, na nimechoka, na mume wangu analia. Mbebe hivyo hivyo."

Ukanitazama kwa hasira ambayo sijapata kuiona machoni mwako, wewe niliyekubeba mgongoni. Nikashika ukingo wa kiti, nisije nikainuka nikakupapasa mwenyewe. Jasho likakutoka juu ya mdomo. Ukainama.  Ukamshika kwapani, ukamwinua, ukamlaza pale pale, kwenye bega lile lile lililometa.

Naye, asiyejua labda ni kitu gani, akapapasa kwa mdomo, akateremka, akapata, akanyamaza.

Jamani, kimya kile!

Hujapona, nisije nikaandika uongo. Ulikuwa unanyonyesha na machozi yanakutoka, macho yako kwenye sumaku. Najua mchana utaniuliza. Najua kesho utaniuliza. Nami nitachoka tena, nitafoka, nitajibu sijui kwa sauti mbaya, halafu nitakutengenezea chai. Lakini sumaku hukuichukua. Ilibaki pale mezani na ndevu zake, kama mzee aliyekosa wa kuzungumza naye.

Mlangoni, kandambili yangu ilikuwa imelala kifudifudi. Iliniwasha. Nikaisahau.

Mwanga ukasogea mkekani, ukawapanda miguuni, ukawafika kifuani. Vumbi la pamba likashuka taratibu kwenye nywele za mtoto, likameta, chembe kwa chembe, kama pini nyingi ndogo ndogo. Uliziona. Nilikuona unaziona.

Na mkono wako ukabaki ulipokuwa, chini ya kisogo chake.