Silinda Nne, Mafundi Watano

Pikapu ya Mpole ilipanda mlima kwa kuuomba radhi. Kila ilipofika nusu ya kilima kinachoelekea kwenye jengo jipya, ilitetemeka, ikatoa moshi, ikasimama. Mpole akashuka na jiwe la kuweka nyuma ya tairi, taratibu, kama mtu anayemtilia mgonjwa mto. Kisha akapakua nusu ya tofali kando ya njia, akapandisha nusu nyingine, akarudi kuchukua zilizobaki. Malori nyuma yake yalipiga honi mpaka madereva wakachoka wao.

Msimamizi wa ujenzi alivumilia kwanza, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Mzee," alimwambia, ingawa walikuwa rika moja, "Jumatatu njoo na tofali zako zote hadi juu, kwa safari moja. Ukishindwa, nafasi yako naipa trekta. Trekta halina adabu, lakini linapanda."

Nafasi ile ndiyo iliyoweka chungu jikoni kwa Mpole, na injini nyingine hakuwa na uwezo wa kuinunua. Alikuwa na mikono yake, siku mbili za mwisho wa juma, na mazoea ya kufungua kitu polepole huku akipanga skrubu zake kwa jinsi zilivyotoka. Akafungua hedi, kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya silinda na kubeba valvu. Ugonjwa aliuona hapo hapo. Valvu hazikukaa sawasawa kwenye viti vyake, uso wa chini ulikuwa umepinda kidogo, na njia za hewa zilijaa masizi kama dohani.

Kulikuwa na karakana yenye mashine ya kunyoosha hedi. Mpole alienda, akasikia bei, akashukuru, akarudi nyumbani kuitazama meza ya sebuleni. Juu yake palikuwa na kioo kinene, na katika nyumba nzima hakukuwa na kitu kilichonyooka kuliko kile kioo.

"Baba Pacha," mkewe alisema kutoka jikoni bila kugeuka, "hicho kioo usikitazame hivyo."

"Nakiazima tu, Mama Pacha."

"Uliazima sufuria yangu ukachemsha mnyororo. Uliazima mswaki ukasugulia plagi. Siku moja utaniazima mimi mwenyewe, jeki ikikushinda."

Lakini alikuja kushika upande wa pili, wakakitoa kioo hadi barazani. Mpole alikibandika karatasi za msasa, akailaza hedi juu yake kifudifudi, akaanza kuisugua kwa kuizungusha, bila haraka, akiigeuza na kuipima kwa rula. Kufika adhuhuri hedi ilikuwa imenyooka. Akazisaga valvu moja moja kwa dawa yake ya kusagia, akikipekecha kijiti kati ya viganja, mpaka kila moja ikaonyesha pete ya kijivu isiyokatika. Akakwangua masizi.

Lau angefunga injini saa ile, kusingekuwa na la kusimulia. Lakini kazi aliifanyia barazani, na baraza halina mlango.

Wa kwanza kufika alikuwa fundi wa meno bandia, jirani wa ukuta kwa ukuta. Aliinama akachungulia tundu la hewa la silinda ya kwanza, akasikitika.

"Hii kona ningeikuta kinywani mwa mtu, ningemwambia aite ndugu zake."

"Ndivyo ilivyotoka kiwandani," Mpole akasema.

"Kiwandani ndiko kunakoharibika vitu. Ngoja."

Akarudi na kile kidude chake cha kutobolea meno. Mpole alitaka kumzuia, ila aliona vibaya kumkatisha mtu aliyekuja na moyo safi na waya wake mwenyewe wa umeme. Fundi meno alichonga kwa ufundi wote, akalipa tundu umbo la gego, akalipuliza, na ilibaki kidogo aliambie lisukutue.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kinyozi wa mtaa alikuwa na upara, ila hakuona kwamba hilo lilimhusu. Aliteua silinda ya pili.

"Hewa inataka kuteleza, kaka," alisema, akivuta mkanda wake wa ngozi. Alisugua na kupaka, akapaka na kusugua, mpaka tundu likang'aa akaanza kujitazamia kidevu.

Kisha akaja dereva mstaafu, mzee aliyeendesha mabasi maisha yake yote na ambaye, kwa maelezo yake, hakuwahi kupitwa. Alibeba tupa ya mviringo.

"Injini ni pua, mwanangu. Mwenye pua pana hachoki."

Kinyozi aligusa pua yake bila kujijua. Mzee akaipanua silinda ya tatu mpaka panya angepita na mizigo yake.

"Shikamoo mzee, lakini ukuta hapo ni mwembamba," Mpole alijaribu.

"Marahaba. Wewe ulizaliwa nikiwa nimeshabadilisha injini tatu."

Ikabaki silinda ya nne, na kwa bahati mbaya akabaki shemeji. Kaka wa Mama Pacha alikuwa akisubiri kazi inayolingana na hadhi yake, na amesubiri muda mrefu hadi hadhi yenyewe imeanza kuchakaa. Alikuwa ameona kwenye simu watu wanaotengeneza magari ya mashindano.

"Kulainisha ni mambo ya kizamani, shem. Hewa isipokwaruzwa haichanganyiki na petroli." Akachukua kipande cha msumeno, akalichora tundu michirizi kama aliyepigana na paka.

"Unasema mimi ni wa zamani?" kinyozi akauliza.

"Nasema hewa ina taratibu zake."

"Hewa umeijulia wapi wewe, na hujatoka ndani?"

Mama Pacha, aliyekuja kuulizia kioo chake, alisimama mlangoni akawatazama.

"Manahodha wengi," alianza.

"Chombo huenda mrama," dereva mstaafu akamalizia, akitikisa kichwa kwa masikitiko na kuwaangalia wenzake. "Ndivyo nilivyowaambia tangu mwanzo, mama."

Jumapili Mpole alifunga injini peke yake. Alijua kilichofanyika. Silinda nne zilizotakiwa kuvuta pumzi sawa sasa kila moja ilikuwa na mapafu ya saizi yake. Lakini valvu zilikuwa zimekaa na uso ulikuwa umenyooka, hizo kazi mbili alizifanya mwenyewe, na juu yake alitia tumaini lake lote.

Jumatatu pikapu iliwaka. Ilinguruma kama mkutano wa mirathi. Mpole alipakia tofali, akafika chini ya kilima, akawakuta wote wanne wanamngoja. Kabla hajawasalimu walikuwa wamesharuka nyuma, juu ya tofali, kila mmoja akitaka kusikia silinda yake ikifanya kazi.

Walipanda kidogo. Pikapu ikakohoa, ikatetemeka, ikasimama. Mpole akaiachia irudi kinyumenyume hadi kwenye tambarare.

"Jamani, naomba mshuke," alisema dirishani. "Juu wananisubiri."

Hakuna aliyesogea.

"Ashuke aliyeharibu," akasema fundi meno.

"Ndiyo, ashuke yeye," kinyozi akaafiki, akijikita vizuri zaidi juu ya tofali.

"Nikishuka mimi," dereva mstaafu akasema, "watu watasema ni ya tatu. Nina jina langu."

Shemeji alikuwa ameshika ukuta wa pikapu kwa mikono miwili.

Huko juu mlio wa trekta ulisikika, likipashwa moto. Mpole aliusikiliza. Mwamba ngozi huvutia kwake, akawaza, basi na wavute. Akashuka, injini akaiacha ikinguruma, akafungua boneti, akainamisha sikio juu ya injini, akakaa hivyo muda kidogo.

"Ajabu," alisema kwa sauti yake ya chini. "Kuna moja inavuta kuliko zote. Moja tu. Sijui ni ya nani."

Wote wanne walikuwa chini kabla hajanyoosha mgongo. Walirundikana mbele, vichwa ndani ya boneti.

"Ya pili hiyo, sikia inavyoteleza."

"Inateleza au inalia? Hiyo ni ya kwanza."

"Nyamazeni, mnanizibia pua yangu."

"Ngojeni niifunge, inasikika vizuri zaidi ikifungwa," Mpole akasema. Wakarudi nyuma, wakakubali kwamba hilo lina mantiki. Akafunga boneti, akaingia ndani, akatia gia ya kwanza, akaondoka.

Pikapu ilipanda ikichechemea, ikitoa milio minne isiyosikilizana, lakini ilipanda. Hakugeuka nyuma. Msimamizi alimpokea kileleni, akazihesabu tofali kwa macho, kisha akaitegea injini sikio.

"Inaumwa nini hii?"

"Imeshauriwa," Mpole akamjibu.

Msimamizi alitazama chini ya kilima. Watu wanne walikuwa wakipanda kwa miguu, mikono viunoni, wakisimama kila baada ya hatua chache ili kubishana, kila mmoja akijipiga kifua.

"Na wale?"

"Wale ndio washauri."

Msimamizi aliwapungia vibarua waje washushe mzigo, akampungia na mtu wa trekta azime. "Kazi unayo," alisema. "Ila kesho nataka kuliona gari. Kamati nisiione."

Wakati wa kushuka Mpole alikutana nao penye kona. Walikuwa wamelowa jasho, na wote walimnyooshea mkono awachukue. Mpole aliwasalimia kwa heshima, mmoja mmoja, akianza na mkubwa wao, bila kukanyaga breki.