Nimetia

Lebo zilikuwa zinatoka nyeupe. Printa ililia kama kawaida yake, ikameza karatasi, ikaitema, na juu yake hapakuwa na kitu: si kundi la damu, si namba ya mfuko, si tarehe. Muuguzi wa benki ya damu alizipanga mezani moja moja, kama mchezaji anayetandaza karata za kushindwa.

"Mzee Kiraka, wodi ya wazazi wanapiga simu. Mama anatoka damu. Nimpelekee mfuko usio na jina?"

"Usithubutu," alisema Mzee Kiraka, vidole vyake tayari vikikimbia kwenye kibodi.

Jina hilo alipewa na kazi yake. Kompyuta zote za hospitali zilitumia mfumo uitwao Linux, nao ni kama nguo ya kila siku: leo huku pametoboka, kesho kule pamefumuka. Waliouunda huleta viraka, vipande vya programu vya kuzibia matundu, na yeye ndiye aliyevishona. Alijivunia kushona bila kuzima mashine, maana mgonjwa hamsubiri fundi. Kila mgeni wa ofisini alimpokea kwa kitendawili: "Namshona akiwa mbioni, wala hageuki kunitazama." Wakishindwa, aliomba mji, akapewa, akaupokea kwa kuinamisha kichwa kama mfalme, ndipo akajibu: "Seva!"

Asubuhi ile hakuwa na mafumbo. Alikitafuta kiraka cha mwisho, akakifumua bila hata kusoma kilikuwa cha nani. Nyumba ikiungua huulizi aliyewasha. Printa ikalia tena, na safari hii lebo ikatoka na maandishi yake. Muuguzi akaibandika, akakumbatia mfuko kifuani, akatoka mbio.

Aliporudi, alijiegemeza mlangoni. "Yu hai," alisema. "Lakini ametupima imani."

Daktari Mkuu alikuja mwenyewe, miwani mkononi. "Nani aliweka kitu hicho?"

"Tutamjua, daktari. Mfumo wetu hausemi uongo."

"Basi niletee jina. Atakayeonekana, hapa hana kazi."

Mzee Kiraka alimsindikiza hadi mwisho wa ukumbi, kisha akarudi kwenye kiti chake akiwa amefura. Aliyoyaona wakati wa kufumua yalikuwa yamemchoma. Kiraka hakikuonjwa! Pale pembeni palikuwa na mashine kuukuu isiyomhudumia mgonjwa yeyote, nao waliiita kijiko. Kila kiraka kilipitia hapo kwanza, kama mpishi anavyodondosha mchuzi kiganjani kabla ya kupakua. Mpishi gani huyu, mpakua bila kuonja?

Na kila kiraka kilitakiwa kuingia na maneno matatu: nani, lini, kwa nini. Aliuliza mashine, mashine ikajibu.

Nani: lilikuwa jina la mpwa wake.

Mtoto wa dada yake. Mzee mwenyewe ndiye aliyemleta kwenye kazi hii, akamfundisha hata namna ya kukalia kiti. Hospitali nzima ilimwita Mpwa, hata wasio na undugu naye. Akaendelea kusoma, maana mtu akipigwa huangalia fimbo.

Lini: jana, alasiri. Kwa nini: *Nimetia kiraka, tundu la printa lilikuwa wazi.*

Nimetia.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Katika ofisi ile wote waliandika "nimeweka". Yeye peke yake ndiye aliyeandika "nimetia", na vijana walimtania: "Mzee, unatia kiraka au unatia chumvi?" Naye huwajibu: "Kinachowekwa huondolewa. Kinachotiwa huingia." Mpwa, kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, hakuwahi kutia. Aliweka tu.

Mzee alifumba macho, akaitafuta jana. Akajiona mbele ya kijiko, taa ya kijani inawaka, yeye anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mbona nilionja! Lakini katika picha ile alikuwa amevaa sweta, na mvua ilikuwa inapiga dirisha. Jana lilikuwa jua la kupasua mawe. Kile kilikuwa kiraka kingine, cha majira mengine. Akaitafuta tena jana yenyewe. Ilikuwa nyeupe kama zile lebo.

Mpwa aliingia na vikombe viwili vya chai, akakuta skrini imemkabili.

"Umeanza lini kutia?" Mzee aliuliza.

"Mjomba, chai itapoa."

"Nimekuuliza."

Aliviweka vikombe chini polepole. "Ulipokuwa unamsindikiza Daktari Mkuu. Nilitumia ufunguo mkuu, nikabadilisha jina. Maneno sikuyagusa, nilikosa muda."

"Ulikosa muda au ulikosa akili?"

"Vyote, mjomba. Si umenifundisha wewe?"

Ufunguo mkuu, neno la siri la kufungulia mfumo mzima, walikuwa nao wao wawili tu. Alimpa Mpwa siku aliyoamini kwamba hata akifa usiku, asubuhi hospitali itaamka.

"Mara ya ngapi unanizibia?"

"Wiki iliyopita uliniuliza neno la siri la seva ya dawa. Nikakupa. Ukaniuliza tena kabla sijakaa." Alitazama chini. "Na mkaza mjomba ameniambia habari ya jiko uliloliacha likiwaka."

"Kalisema na jiko!"

"Kalisema, na alikuwa analia. Mjomba, umebakiza kidogo tu ustaafu. Mimi kijana, nitabisha mlango mwingine. Wewe ukitoka kwa aibu, utalala usiamke."

"Na kesho?"

"Kesho nitakuwa nyuma yako."

"Kesho kutwa?"

Mpwa alimsogezea kikombe.

"Atakuja fundi mwingine," Mzee alisema kwa sauti ndogo, "atauliza siku ile damu ilichelewa kwa nini. Atakukuta wewe, mwenye akili zako timamu. Atatafuta ulipokosea, asipaone. Atadhani mashine ni mbovu, aanze kufumua palipo pazima. Na mgonjwa anasubiri."

Nje ukumbini kitanda cha magurudumu kilipita kikilalamika.

"Geuka," Mzee alisema.

Mpwa akageukia ukuta, kama adabu inavyotaka mtu anapoandika neno lake la siri. Vidole vya Mzee vililijua neno hilo bila kumuuliza mwenyewe. Mstari wa Mpwa hakuufuta. Chini yake alifungua mwingine. Nani: akaandika jina lake kamili, ambalo pale hospitali wachache walilijua. Lini: jana. Kwa nini.

Hapo alikaa. Mpwa, uso ukutani, alisikia kibodi imenyamaza. Kisha zikasikika herufi chache, na mwisho kile kitufe kikubwa.

Alipogeuka, alisoma: *Nilisahau.*

"Ufunguo wangu uufunge leo," Mzee alisema.

"Mjomba..."

"Na uandike sababu. Usinionee haya."

Alikunywa chai ile iliyopoa mpaka tone la mwisho, akafunga vifungo vya shati hadi shingoni, akatoka kwenda kumpelekea Daktari Mkuu jina. Mpwa alitoka nyuma yake. Ofisi ya Daktari Mkuu ilikuwa kulia, mlango wa mwisho. Mzee Kiraka alifika panapogawanyika ukumbi, akageukia kushoto, upande wa chumba cha kufulia, akaendelea kutembea kifua mbele. Mpwa akamfuata polepole kati ya mashuka yaliyorundikwa, akiacha nafasi baina yao, akingoja asimame mwenyewe.