Shufaa ya Kiwanja cha Mtandaoni

Salhiya alikuwa na kiwanja kisicho na udongo wala mnazi, na ada yake akiilipa kila mwaka. Kilikuwa jina la tovuti tu, kwetumtoni, walilolisajili yeye na Nadir, nusu kwa nusu, katika duka la kompyuta la Ayoub pale Mlandege. Jina alilichagua Nadir mwenyewe, akakataa mengine yote. Tovuti haikuwahi kujengwa. Ukilifungua jina hilo kwenye simu, unakuta ukurasa mweupe unaosema kazi inaendelea, na huo ni uongo mtupu, maana fundi yuko Maskati.

Siku zile walikuwa wachumba wa maneno. Bibi yake Nadir aliacha nyumba kule Mtoni, vyumba vyake vinatazama bahari. Wangeitengeneza wapokee wageni, Nadir ashughulike na tovuti, Salhiya apike mikate ya kumimina. Kisha Nadir akenda Maskati kwa mjomba wake kutafuta cha kuletea posa. Mwanzo akipiga simu kila Ijumaa, halafu akawa anapiga sikukuu kwa sikukuu, na mwisho namba ikabadilika bila ya mtu kumwambia Salhiya mpya ni ipi. Yeye kulipia jina hakuacha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini yake aliyaficha humo, na kila akifungua ule ukurasa mweupe alimtamani Nadir upya.

Mwaka huu wenye hoteli inayojengwa njia ya Bububu wakaandika kuwa wanalitaka jina lile. Salhiya akenda kwa Ayoub.

"Njia zipo, dadangu," alisema Ayoub, ambaye udalali anao kwenye damu. "Uwauzie hawa moja kwa moja, pesa zishikwe na mtu wa kati mpaka jina lihame. Au ulitie mnadani mtandaoni, mwenye kiu apande bei. Au ulikodishe, wao walitumie, weye ubakie mwenyewe. Au usilipie tena, life, waje waliokote bure. Hiyo ya mwisho usinambie mie, ntaumwa."

"Kukodisha," Salhiya alisema, upesi mno.

Ayoub alimtazama. Siku ya kusajili alikuwapo, na mengine hahitaji kuambiwa. "Kiwanja kizuri hiki, Salhiya. Utakodisha mpaka lini?"

Salhiya aliaga. Alirudi kwao Malindi akamkuta mamake, Bi Mwanakheir, anachagua mchele kwenye ungo, akamweleza habari ya hoteli.

"Si umelinunua na Nadir hilo?" mama aliuliza. "Basi ana shufaa. Kitu cha shirika hakiuzwi kwa mtu baki mpaka mshirika aulizwe kwanza. Akilitaka, anunue yeye."

Ayoub alipopigiwa simu na mama alicheka. "Shufaa ya ardhi na majumba, Bi Mwanakheir. Hapa haupandiki hata mchicha. Tena asiyekuwapo na lake halipo."

"Si weye unayekiita kiwanja? Basi kina mshirika," alijibu Bi Mwanakheir, akarudi kwenye mchele wake.

Shekhe yeyote angemsahihisha bibi huyu, lakini Salhiya hakutafuta shekhe. Aliipenda sheria hiyo ghafla, kwa sababu ilimruhusu kufanya jambo ambalo heshima yake ilimkataza miaka yote, kumtafuta Nadir. Hatokwenda kama mwanamke aliyesahauliwa. Atakwenda kama mshirika mwenye swali, na nani atamlaumu mshirika?

Alikwenda Amani kwa Badria, dadake Nadir, akaomba namba. Badria alimpa bila ya kumtazama usoni. Salhiya akaandika palepale barazani, asije akaghairi: "Assalamu alaykum. Lile jina letu limepata mnunuzi. Weye ndo mwenye haki ya mwanzo. Unalitaka?"

Alichokitaka kilikuwa neno moja: usiuze. Angeambiwa hivyo, hoteli na pesa zake zingeondoka na asijute. Angelilipia jina lile mpaka apate mvi, ilimradi ajue kuwa na mwenzake bado anakuona Mtoni ni kwao. Siku nzima aliishika simu mkononi, hata sahani aliziosha kwa mkono mmoja, na mamake akajifanya haoni.

Jibu lilikuja baada ya Alasiri, kwa sauti. Nadir alisikika mzima na mchangamfu.

"Waalaykum salaam, Salhiya. Umenkumbusha mbali, wallahi. Mie nnakuachia, halali yako, muuzie umtakaye. Allah akutilie baraka. Lakini hebu nambie, jina lenyewe lilikuwa lipi vile?"

Salhiya alisikiliza tena. Hapakuwa na ubaya wowote katika sauti ile, na hilo ndilo lililomuuma. Aliyekuchukia angalau hukumbuka alichokichukia. Aliandika jina akitaka kumpelekea, akalitazama kidogo, akalifuta.

Akampigia Ayoub. "Usikodishe tena. Wauzie."

"Nadir kasemaje?"

"Kaniachia," alisema Salhiya, na hapo ndipo alipolia.