Mpuliza Dawa na Wakazi wa Tumbo Lake

Siku ile mjinga alikuwa yeye, wala hatuna haja ya kumtafutia mwenzake. Mpuliza dawa alijulikana mtaani kote: nyumba aliyoingia na bomba lake mgongoni, hata mende wa chooni aliaga dunia. Basi alipopata mafua akayaendea kikazi. Akafukua kabatini vidonge vya antibayotiki alivyobakiza mkewe alipong'olewa jino, akavibugia, kisha akaongezea vingine vya dukani.

"Nasafisha kila kona," akasema, pua ikitiririka vilevile.

Mafua yaliondoka kwa hiari yake. Tumbo likapokea zamu. Likanguruma, likaharisha, ikafika mahali akiingia kwa mteja anaulizia choo kabla ya kunguni. Suruali ikaanza kumning'inia. Kaka yake naye alianza hivyohivyo, ikaja kuonekana ni saratani ya utumbo, wakamzika. Mpuliza dawa hakumwambia mtu. Akawa anatania kupita kiasi, na mkewe, anayemjua nje ndani, akaona huyu anaogopa. Akamburuta hospitali. Wakampima kila kitu, hadi kamera ya kuchungulia utumbo.

Daktari aliyapitia majibu, akauliza habari za vidonge, akaambiwa. Akavua miwani.

"Saratani hakuna, baba. Utumbo wako mzima. Ila mle ndani wanaishi bakteria wema. Makapi ya mboga na maharage yanayokushinda wewe, wao wanayasaga. Vitamini nyingine wanakutengenezea, na wabaya wanawabana wasipate pa kukaa. Sasa umewafyeka. Na mafua ni ya virusi, hizo dawa hata haziwagusi. Achana nazo. Kula mboga, maharage, mtindi ukipenda. Watarudi taratibu."

 Mpuliza dawa akashika ukingo wa meza, akavuta pumzi ndefu ambayo hakuwa ameivuta tangu tumbo lianze. Machozi yakamlenga, akasingizia feni. Kisha mdomo ukarudia mazoea yake.

"Lakini daktari, viumbe wakae tumboni mwangu bure, wale chakula changu, halafu nisiwapige dawa?"

Mkewe alikwishasimama, mkoba kwapani.

"Wewe tangu tuoane unakaa kwa mama yangu, unakula vyake. Umeshamwona akinunua dawa?"